Mama Hasemi Amina

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na za shemeji umfikishie. Sisi huku tunapumua. Cherehani ya miguu imegoma, nimerudi kwenye ile ya mkono, na kwa vile shule zimefunguliwa, sare za watoto zimenijaa mpaka kitandani. Jirani yetu muuza vitambaa amejifungua mapacha, kwa hiyo siku hizi halali wala hauzi. Paa la jikoni linavuja palepale, na ndoo ni ileile.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Tangu mazishi ya mwanao, ambayo uliniapisha nisiyataje na sasa nimeshayataja, hupokei simu yoyote ya kutoka nyumbani. Basi nimeamua kuandika kama walivyoandika wazee wetu, maana barua haina kitufe cha kuikata.

Mama amepata kiharusi. Nimeandika haraka ili nisije nikaghairi. Ilikuwa asubuhi, anakunja mashuka, mara akaketi sakafuni taratibu kama mtu anayetafuta sindano. Upande wa kulia umekufa ganzi, mkono na mguu. Hospitali walimlaza, wakamruhusu, na sasa yuko chumba cha mbele, kitanda nimekisogeza dirishani.

Hayo ni ya kusikitisha, lakini siyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma. Alivyorudi hakuwa na neno. Anafungua mdomo, inatoka sauti tu. Jina langu hana, maji hana, hata ndiyo hana. Juzi namnywesha ile dawa chungu, akageuza uso, akasema kwa sauti safi kabisa, ile sauti yake ya kanisani: "Kikombe hiki kiniepuke."

Kikombe chenyewe kilinianguka. Nilipiga yowe, jirani akaja mbio na pacha mmoja kifuani, wa pili kamsahau kwake. Nikamwambia Mama, rudia. Kimya. Sema maji. Kimya. Sema basi hata jina langu, mimi mwanao wa kwanza. Akanitazama kwa huruma, jasho linamtoka, akaelekeza macho dirishani: "Enyi malango, inukeni." Nikafungua dirisha. Akashusha pumzi.

Hana neno lake hata moja, mdogo wangu. Yote ni ya Kitabu. Nimeshtuka mpaka leo mishono yangu inakwenda upogo. Wewe ndiye muuguzi. Niambie hiki ni nini.

Dada yako


Tarehe 21 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako iliwahi kufika, ila niliitia mfukoni mwa sare ya kazi nikawa nazunguka nayo wodini. Sikuwa tayari kujibu. Shemeji yako hajambo, anakusalimu. Wodi ya watoto imejaa, ni msimu wa kifua.

Hicho si muujiza, na si pepo pia. Maneno tunayoyatunga wenyewe tukiongea yana mahali pake kichwani. Yale tuliyokariri tangu utotoni, sala, nyimbo, kuhesabu, yana makao mengine. Damu isipofika pa kwanza, pa pili panaweza kubaki pazima. Nimewahi kumuuguza mzee aliyeshindwa kutaja jina la mkewe, akaimba wimbo wa shule beti zote. Mama amekariri Kitabu maisha yake yote. Kabati limeungua, hicho ndicho kilichosalia.

Mgeuze mara kwa mara mgongo usipate vidonda. Asinywe chochote akiwa amelala, mkalishe kwanza. Ule mkono uliokufa ganzi usivutwe wakati wa kumvalisha. Anakula?

Sitakuja kwa sasa. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako


Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ndiyo, anakula, tena kuliko mimi. Mapacha hawajambo, cherehani imepona miguu. Barua yako ilikuwa fupi mno. Nikaigeuza nyuma nione kama kuna mengine, nikakuta weupe. Asante hata hivyo. Vidonda hana.

Sasa sikiliza balaa. Nilimsimulia jirani habari ya kikombe, na unajua penye wengi pana mengi. Kesho yake akaja fundi pikipiki wa pale kona, kavua kofia, eti kumjulia hali mgonjwa. Pikipiki kaiacha inanguruma chini ya dirisha. Mama kelele zikamchosha, akamwambia: "Toka wewe katika nchi yako, uende mpaka nchi nitakayokuonyesha." Mimi nikaelewa moja kwa moja: toka na mdudu wako huyo. Fundi akaelewa vingine. Amehamisha karakana! Kabeba spana, matairi na benchi la wateja, kahamia ng'ambo ya mto, mahali pasipopita hata baiskeli. Nilipoambiwa, nilikaa papo hapo sakafuni.

Tangu hapo wanakuja kwa foleni. Mwalimu mmoja anataka kujua kama aoe. Mwenye duka la dawa, mtu aliyesoma mpaka akavaa miwani, kaja na kesi yake ya kiwanja. Mama anaomba mto, wao wanaandika. Anaomba kufunikwa, wao wanalia. Mchungaji ametangaza kanisani kwamba Mungu amemnyang'anya mtumishi wake maneno ya dunia ili abaki na ya mbinguni. Nikashangaa, kwa sababu ndiye huyuhuyu aliyesema majuzi kuwa kiharusi ni kazi ya yule mwovu. Nikamwuliza, "Sasa Mchungaji, tumshike nani kati ya hao wawili?" Akanijibu nisipime mambo ya rohoni kwa futi ya fundi nguo.

Ila kuna jambo linalomnyima raha Mchungaji, na mimi nimeduwaa nalo. Unamkumbuka Mama na Amina zake. Si ndiyo kanisa zima wakamwita Amina-Mbele, kwa vile aliitoa kabla sala haijaisha, mpaka wahubiri wageni wakadhani anawaambia wafupishe? Sasa hasemi Amina. Mistari anayo, Amina hana. Wanaomba, wanaitika wote mpaka kikombe kinalia mezani, yeye kafunga mdomo. Wamemwombea kwa mafuta, wamemwombea kwa kufunga. Jana Mchungaji alimshika kichwa akamwambia, "Mama, sema Amina. Neno moja tu." Mama akamtazama, akamtazama, mpaka Mchungaji mwenyewe akaondoa mkono.

Mama yetu huyo! Watu walitoka bila kuagana.

Kuna jingine kuhusu hiyo mistari, lakini leo siliandiki.

Dada yako


Tarehe 17 Mei

Dada,

Shikamoo. Shemeji yako amesafiri kikazi, nyumba ni yangu peke yangu. Afya si mbaya.

Barua yako niliisoma nimesimama, ikabidi niirudie nimekaa. Foleni? Kwa mgonjwa wa kiharusi? Mama si redio, dada! Funga mlango. Bandika karatasi: mgonjwa amelala. Vikohozi vya hao wanaotafuta unabii ndivyo vitakavyomwua. Na huyo Mchungaji, akimshika tena kichwa, mwambie binti mdogo wa Mama amekataza.

Nitasema hili mara moja, halafu tusilirudie. Hapa kazini kila asubuhi namkuta mama fulani ameweka Kitabu chini ya mto wa mwanawe, karibu na mpira wa hewa. Zamani nilikuwa nakinyanyua kwa mikono miwili ninapotandika. Siku hizi nakinyanyua kama sahani. Waliokiandika walichunga kondoo. Hawakusimama mbele ya mashine inayoonyesha kuwa mtoto anaendelea vizuri, na jioni mtoto huyohuyo amefunikwa shuka. Mwanangu hakukosewa na mtu yeyote. Daktari alikuwa hodari, dawa zilikuwepo, umeme haukukatika. Ningempata wa kumlaumu ningepona. Nilitazama pande zote nikabakiwa na Mungu peke yake. Na Mama akasimama mbele ya kaburi la mwanangu, akaanza kumshukuru huyohuyo, kisha akanigeukia mimi nimalizie shukrani. Nilishtuka kama niliyepigwa kofi. Ndiyo sababu nilipanda basi siku ileile.

Hilo jingine la mistari libaki kwako. Silitaki.

Mdogo wako


Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Mlango nimeufunga kama ulivyoagiza. Aliyenitilia komeo ni fundi pikipiki mwenyewe. Amerudi kutoka ng'ambo, amekonda, na hapendi kuulizwa. Pacha mmoja ameota jino, mwenzake ameota wivu.

Umesema hulitaki, lakini mimi ni dada yako na mzigo huu nimeubeba peke yangu vya kutosha. Ukiudhika, uniudhikie mimi.

Si unakumbuka mchezo wa Mama? Tangu tukiwa wadogo yeye anaanza mstari, mtoto anaumalizia, ndipo anapewa sahani. Mimi nilikuwa nabahatisha, wewe ulikuwa unajua. Halafu akaja wako, na hatukumwita Kasuku bure. Kila likizo anakaa kwenye kile kigoda kidogo, bibi anaanza, yeye anamalizia, na asipojua anatunga. "Bwana ndiye mchungaji wangu," anasema Mama. "Na Bibi ndiye mpishi wangu," anajibu Kasuku. Mama alicheka siku ile mpaka akashika ukuta.

Sasa sikia. Mistari ya kuomba vitu Mama anaitoa mizima. Lakini asubuhi, akishaoga, anaanza mingine na kuikata katikati, anageuza kichwa upande wa kile kigoda, anasubiri. Nilidhani ni maradhi. Siku moja nikaumalizia mimi. Akatikisa kichwa: si wewe. Ndipo nilipoelewa anamsubiri nani. Nilikwenda jikoni nikalia mpaka supu ikaungua.

Na mstari anaouanza kuliko yote ni ule wa makaburini, unaoishia kwa kumhimidi Mungu. "Bwana alitoa, na Bwana..." Hapo hapo anakata. Kila siku ni hapo.

Wewe ulisimama mbele yake siku ile. Mimi nilikuwa nyuma, nimemshika kiuno asianguke. Nilivyomshika nilisikia pumzi inavyomkwama. Aliuanza kwa mazoea, akafika hapo, akashindwa, akakugeukia wewe unayejua. Mdogo wangu, nadhani hakuwa akikuhubiria. Hakuweza kuumalizia. Wewe ukaondoka, naye hakupata wa kumweleza. Na sasa hata maneno ya kueleza hana.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sijazaa, kwa hiyo sikufundishi kulia. Ila daktari ameniambia wazi kwamba kiharusi kingine kikija, hatuna Mama. Njoo. Njoo hata ukiwa umenuna.

Dada yako


Tarehe 30 Agosti

Mdogo wangu!

Salamu zitakuja mwishoni, nikizikumbuka.

Nimekaa Juni yote, Julai yote, sina jibu lako, nikasema basi, nimemwudhi, nimempoteza na huyu. Wiki iliyopita nikaenda kupeleka sare shuleni, nikamwachia jirani Mama. Narudi, jirani ananiambia ulikuja! Ukashinda, ukapanda basi la jioni. Hukunisubiri hata unione sura! Nimepita barabara hiyohiyo na furushi kichwani, huenda basi lako ndilo lililonitimulia vumbi.

Nimemkuta Mama kaoshwa nywele, kasukwa, kucha zimekatwa, shuka limekunjwa zile pembe zenu za hospitali. Kigoda cha Kasuku kimesogezwa kando ya kitanda. Supu yangu mmeifuta hadi sufuria inang'aa. Nikameza hasira, nikamletea chai. "Mama, chai hii."

Akasema, "Amina."

Nilikaa juu ya kitambaa chenye pini na wala sikusikia maumivu. Amina! Tangu siku hiyo anaisema kwa chai, kwa dawa, kwa dirisha. Fundi pikipiki alikuja kutia bawaba mafuta, akapiga chafya, akaitikiwa Amina, akavua kofia. Na ule mstari haurudi tena. Asubuhi anaoga, anatazama nje, ametulia.

Mchungaji amesikia, amekuja mbio, amepiga magoti na suruali yake nyeupe kwenye sakafu yangu. Anasema ni matunda ya kufunga, na Jumapili kuna ibada kubwa ya shukrani. Mimi nimenyamaza kwa sababu sijui nilichokishuhudia. Jirani anasema alisikia ukutani sauti yako inapanda kama mtu anayegombana, halafu kimya, halafu nyote wawili mnalia.

Ulimfanya nini Mama? Ulisali? Wewe?

Nimezikumbuka: salamu kwa shemeji.

Dada yako


Tarehe 19 Septemba

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuondoka vile. Ningekusubiri ungeniuliza mlangoni, nami nisingeweza kusema kwa mdomo. Shemeji yako amerudi salama, nimemfikishia. Desemba tutakuja wote wawili na tutakaa. Unitafutie godoro lisilo na pini.

Mchungaji mwachie ibada yake, ila yatakayofuata asiyasikie. Wala usifurahi mapema, kanisani sijarudi. Kitu kimoja tu kimebadilika: vile Vitabu vya akina mama wodini nimeanza tena kuvinyanyua kwa mikono miwili. Sijui maana yake, usiniulize.

Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia. Nilipoingia hakushtuka, alinitazama kama vile nilikwenda dukani mara moja nikarudi. Maneno yote yakanikimbia, nikamwosha nywele kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Ninamsuka, nimekaa nyuma ya kichwa chake, ndipo akauanza. "Bwana alitoa, na Bwana..."

Nilingoja amalizie, ili ile hasira niliyosafiri nayo ipate pa kushukia. Hakumalizia. Nikazunguka kitanda nimwone uso. Nimewauguza wengi wanaotafuta neno lililopotea, uso wao naujua: macho yanahangaika, ulimi unajaribu. Mama hakuwa akitafuta. Neno alikuwa nalo, na alikuwa amelifungia mdomo. Nilipigwa na butwaa, dada. Muda wote huu nilikuwa namchukia mwanamke mmoja aliyemshukuru Mungu kwa kumchukua mwanangu, na mwanamke huyo hakuwepo. Kitandani palikuwa na bibi yake Kasuku, amevunjika moyo kama mimi, tena miezi yote hiyo watu wanamwombea sala ambazo hakuwa radhi kuziitikia.

Nikavuta kile kigoda. Magoti yalinifika kidevuni. Nikakaa pa mwanangu, nikaumalizia mstari.

Nilisema: "Na Bwana ametwaa. Nami sikushukuru. Alikuwa na miaka sita, alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu, alikuwa hana kosa, nawe unajua hana kosa. Mimi nimekaa na watoto wa wenzangu usiku na mchana, na wangu ukamchukua mikononi mwangu mimi mwenyewe. Ulikosea. Unasikia? Mungu, uli—"

Mama akanikamata mkono kwa ule wake mzima, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akasema, "Amina."

Nilikuwa sijamaliza, dada. Aliitoa mbele, kama zamani.

Mdogo wako